Kocha wa timu ya chuo amekalia kuti kavu: aondolewe sasa au amalize msimu?

KatibuMichezo (Tabora mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa michezo katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Tabora mjini, na ninaomba ushauri wenu kabla ya kikao cha kamati ya michezo, ambacho kinatakiwa kumwandikia Mshauri wa Wanafunzi pendekezo kuhusu kocha wetu wa mpira wa miguu.

Msimu uliopita tulimaliza katika nafasi za juu za ligi ya wilaya. Msimu huu tumeshinda mchezo mmoja tu, na mabao tunayofungwa yanafanana mno: krosi inapigwa kutoka upande wa kushoto, mabeki wanatazamana, na mshambuliaji wa wapinzani anafunga bila bughudha yoyote. Baada ya kufungwa nyumbani na chuo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa hakituwezi, wanafunzi waliimba nyimbo za kumtaka kocha aondoke, na siku iliyofuata karatasi ya kukusanya saini ilikuwa imezunguka mabweni yote.

Wanaotaka aondoke wanasema kwamba hana mpango wa pili anapozidiwa, kwamba anawang'ang'ania wachezaji walewale hata wanapokuwa wamechoka, na kwamba kila wiki ana lawama mpya: leo uwanja, kesho mwamuzi, keshokutwa basi lililochelewa. Wanaomtetea wanakumbusha kwamba wachezaji saba wa kikosi cha kwanza walihitimu, kwamba wengine wamekwenda mafunzo kwa vitendo ligi ikiwa katikati, na kwamba chuo hakijanunua mipira mipya tangu mwaka wa masomo uanze. Kocha mwenyewe ana leseni ya CAF ya daraja C, analipwa posho kila mwezi, na amekuwa nasi kwa miaka kadhaa.

Ninachouliza ni hiki: kocha wa chuo awajibishwe kwa kigezo gani? Je, ni kwa matokeo peke yake, kama ilivyo kwa klabu kubwa? Na ikiwa ni lazima aondoke, ni haki kumwondoa katikati ya msimu? Ninaomba mtu asitaje jina la chuo wala la kocha, hata anayetufahamu.

Mkaa Jukwaani (Isevya)

Ndugu Katibu, aondoke. Ukocha una sharti moja ambalo kila anayeingia katika kazi hiyo analijua kabla ya kusaini: timu ikifungwa mfululizo, anayetafutwa ni yeye.

Tusisafiri mbali kutafuta mfano. Novemba 7, 2024 Tabora United ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Yanga mabao 3-1, siku chache baada ya Yanga hiyohiyo kufungwa na Azam bao 1-0, na kabla wiki mbili hazijapita Miguel Gamondi alikuwa amefungashiwa virago. Huyo ndiye kocha aliyeipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2023/24 na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. (Nitakuwa mnafiki nikisema kwamba sisi wa Tabora hatukuona fahari kuwa ndio tuliosababisha kibarua chake kuota nyasi.) Mwaka mmoja kabla ya hapo, Simba ilipofungwa 5-1 na Yanga Novemba 5, 2023, Robertinho hakumaliza wiki hiyo akiwa kazini. Viongozi wa klabu hizo hawakukaa kujadili basi lililochelewa.

Mnasema chuo si klabu, lakini wanafunzi wanachangia fedha za michezo, na mchezaji wa mwaka wa tatu hana msimu mwingine wa kusubiri. Huyo ndiye ninayemwonea huruma. Mkimvumilia kocha hadi mwakani, kijana huyo atakuwa ameshaondoka na kumbukumbu za vipigo tu. Timu mkabidhini kocha msaidizi, msimu usonge.

Afisa Utumishi Mstaafu (Cheyo)

Vijana wangu, kabla hamjafika kwenye mabao, tazameni kwanza mwajiri ni nani. Kamati ya wanafunzi haikumwajiri kocha na kwa hiyo haiwezi kumfukuza. Inachoweza kufanya ni kushauri, na ushauri ukiandikwa kwa hasira utamweka mwajiri mahali pabaya. Katika kazi ya utumishi nimeona waajiri wakishindwa katika mashauri ambayo hoja yao ilikuwa nzuri kabisa, kwa sababu tu waliruka hatua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kusitisha ajira, na pia afuate utaratibu wa haki. Kushindwa kazi ni sababu inayokubalika. Lakini kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka yaulizwe maswali ambayo hata ninyi mngepaswa kujiuliza: je, kilikuwapo kiwango cha utendaji, na mfanyakazi alikifahamu? Je, kiwango hicho kilikuwa cha busara? Alishindwa kwa sababu gani, na baada ya kuelekezwa na kuonywa alipewa nafasi ya kutosha ya kujirekebisha? Sasa niambieni, ni barua gani ambayo kocha huyu amewahi kuandikiwa ikimweleza kwamba akimaliza chini ya nafasi fulani atahesabiwa kuwa ameshindwa? Nyimbo za jukwaani si onyo.

Asitokee pia wa kusema kwamba kwa kuwa analipwa posho, basi si mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, hutazama uhalisia wa kazi kuliko jina la malipo, na mojawapo ya vigezo vyake vya kumchukulia mtu kuwa mwajiriwa ni kumfanyia kazi mwingine kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mazoezi ya saa mbili na nusu kila jioni, siku tano kwa wiki, yanazivuka saa hizo kabla hata hujahesabu siku za mechi. Akiondolewa ovyo, ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko hakuna atakayeuliza habari za krosi. Wataomba kuona barua.

Kuhusu Gamondi, ndugu yangu wa Isevya, makocha wa klabu kubwa mara nyingi huondoka kwa makubaliano ya fedha kati yao na klabu. Chuo ambacho kinashindwa kununua mipira hakina fedha za makubaliano ya namna hiyo.

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Kaka Katibu, la sheria mzee amelimaliza, kwa hiyo mimi nitajibu lile la kigezo, kwa kuwa ninafundisha michezo hapa Kigoma na nimewahi kuisimamia timu ya chuo.

Mfano wa Yanga alioutoa kaka wa Isevya una mwendelezo ambao hakuutaja. Baada ya Gamondi alikuja Sead Ramović, naye akaondoka Februari 2025 msimu ukiwa haujaisha, akafuata Miloud Hamdi, na bado Yanga ikawa bingwa wa 2024/25. Makocha watatu katika msimu mmoja, kombe likabaki palepale, kwa sababu wachezaji wenye uwezo walikuwa wamebaki. Kocha wa chuo hana dirisha la usajili. Wachezaji wake huletwa na matokeo ya mitihani na mfumo wa udahili. Wengine hawajacheza mpira wa ushindani tangu UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, na anapoanza kuwafahamu wanakwenda mafunzo kwa vitendo, kisha wanahitimu. Katika vyuo vya ualimu ni vigumu zaidi, kwa maana mazoezi ya kufundisha huwatawanya wachezaji katika shule za mbali kwa wiki nyingi, na aliyepangiwa shule ya Kakonko hawezi kufika Kigoma mjini jioni kwa ajili ya mazoezi.

Hata hivyo sisemi kwamba asiulizwe. Aulizwe yale yaliyo mikononi mwake. Kufungwa kwa sababu mabeki wote wazoefu wamehitimu ni jambo moja. Kufungwa bao la namna ileile kila wiki ni jambo jingine, na hilo halitokani na bajeti. Ombeni daftari lake la mazoezi, mkaangalie wiki iliyofuata baada ya kufungwa kwa krosi alifundisha nini. Mwenye leseni ya daraja C amefundishwa kuandaa kipindi cha mazoezi na kukiandika, kwa hiyo hawezi kuwaambia kwamba yote yapo kichwani. Tazameni mahudhurio yakoje tangu vipigo vianze, kwa sababu wachezaji huanza kumkimbia kocha mazoezini kabla mashabiki hawajaanza kuimba. Kisha angalieni ni wachezaji wangapi wa mwaka wa kwanza wamepewa dakika za kucheza. Kocha anayefungwa huku akiwapanga vijana watakaobaki chuoni miaka miwili zaidi anaijenga timu. Anayefungwa akiwa na wahitimu watarajiwa kumi na mmoja, sijui anamjengea nani.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa hapa, nalo kwangu ni zito kuliko jedwali la ligi: anawatendeaje vijana wake? Kocha anayepoteza mechi nitamvumilia msimu mzima. Anayewatukana wachezaji, anayewalazimisha kucheza wakiwa na majeraha, au anayewakimbiza saa nane mchana kama adhabu ya kufungwa, huyo simsubiri hata wiki moja, awe anaongoza ligi au anashika mkia. Jua la Oktoba la Kigoma na Tabora mnalijua wenyewe.

Msikilizaji (Urambo)

Hilo la mwisho aliloandika Mwalimu wa Mwanga lina mfano mzito kutoka Marekani. Ninauzungumzia mchezo wao wa futiboli, ule wa kubeba mpira mkononi na kuvaa kofia ngumu, ambao katika vyuo vikuu ni mkubwa kiasi kwamba uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unachukua watu zaidi ya 107,000. Katika majimbo mengi, kocha wa chuo kikuu cha umma ndiye mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana hamkaribii.

Mei 29, 2018 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland, Jordan McNair, kijana wa miaka 19, alizidiwa na joto katika mazoezi ya kukimbia, na Juni 13 akafariki dunia. Chuo kilikiri kwamba wahudumu wa timu hawakumpa huduma iliyostahili. Oktoba 30 bodi ilipendekeza kocha DJ Durkin, aliyekuwa amesimamishwa, arudi kazini. Wanafunzi, baadhi ya wachezaji na wanasiasa wa jimbo wakapinga, na siku iliyofuata rais wa chuo akamwondoa. Matokeo ya uwanjani hayakuhusika hata kidogo.

Kwa upande wa matokeo, wenzetu wana haraka kuliko hata Simba na Yanga, na haraka hiyo wanailipia. Texas A&M ilimwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023, na mkataba ukakilazimu chuo kumlipa zaidi ya dola milioni 75 za kutofanya kazi. Oktoba 2025 Penn State ilimwondoa James Franklin baada ya kufungwa michezo mitatu mfululizo, ingawa Januari ya mwaka huohuo alikuwa ameifikisha nusu fainali ya ubingwa wa taifa. Wiki mbili baadaye LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ikamwondoa Brian Kelly, ambaye fidia yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 54. Mikataba hiyo ilikuwa imeeleza kwa kina chuo kitalipa nini kikimwondoa kocha asiye na kosa, na kufungwa hakukuhesabiwa kuwa kosa.

Ninaleta habari hizi kwa sababu ya kilichofuata LSU. Mkurugenzi wa michezo, Scott Woodward, ndiye aliyemwajiri Kelly, na miaka ya nyuma ndiye aliyemwajiri Fisher kule Texas A&M. Gavana wa Louisiana alimkosoa hadharani kuhusu mikataba hiyo, na siku chache baada ya Kelly kuondoka, Woodward naye akaachia ofisi. Kwa hiyo, Katibu, katika pendekezo lako kuwe na sehemu inayouliza nani alimwajiri kocha, nani alimwahidi nini, na ombi la mipira limekwama kwenye meza ya nani. Saini zile za mabwenini zinamtaja mtu mmoja tu, na ninashuku wapo wanaofurahi kuona iwe hivyo.

KatibuMichezo (Tabora mjini)

Shikamoo mzee wangu wa Cheyo, na asanteni nyote.

Nimeonyeshwa mkataba. Ni wa ukurasa mmoja, unataja posho, muda wa mwaka mmoja wa masomo ambao umekuwa ukihuishwa, na wajibu wa kocha wa "kuiandaa timu kwa mashindano". Hakuna kiwango chochote, na katika jalada hakuna barua ya onyo wala ya kumwelekeza.

Daftari la mazoezi nililiomba kama alivyoshauri Mwalimu, na kocha alinipa bila kusita. Wiki za mwanzo zimeandikwa vizuri, kila kipindi na lengo lake. Baada ya hapo kurasa zina majina ya waliohudhuria peke yake, na majina yenyewe yanazidi kupungua. Mabeki niliozungumza nao hawakumbuki kufanya zoezi la kuzuia krosi tangu ligi ianze. Kwa upande mwingine, nimewauliza wachezaji faragha, mmoja mmoja, na hakuna aliyelalamikia matusi wala adhabu, na wa mwaka wa kwanza wanne wanacheza mara kwa mara. Ombi la mipira lilipitishwa na kamati tangu mwanzo wa muhula na bado liko ofisi ya uhasibu.

Ninachofikiria kupendekeza ni kwamba kocha aandikiwe barua inayotaja waziwazi upungufu wa mipango ya mazoezi na ulinzi wa krosi, apewe muda hadi mwisho wa mzunguko wa pili, na chuo nacho kijibu kwa maandishi kuhusu mipira na kuhusu ratiba ya mafunzo kwa vitendo kugongana na ligi. Mkataba wa mwakani, awe yeye au mwingine, uwe na malengo yaliyoandikwa.

Mkaa Jukwaani (Isevya)

Mzunguko wa pili ukiisha, msimu umeisha. Hapo utakuwa umemwacha amalize msimu huku ukiiita adhabu. Habari ya daftari ndiyo iliyonikera zaidi, kwa kuwa kalamu na karatasi havisubiri ofisi ya uhasibu. Nakubali aandikiwe barua, lakini apewe michezo minne, na katika hiyo tuone kama timu inajilinda tofauti, hata ikifungwa. Mwaka wa tatu wabakiwe na kitu cha kucheza.

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Michezo minne inatosha kuona badiliko la ulinzi, kaka, ila haitoshi kuona badiliko la nafasi katika ligi. Barua itaje la kwanza tu. Na awepo mtu mwingine wa kutazama mazoezi, mwalimu wa michezo wa chuo kwa mfano. Asiwe kocha msaidizi, ambaye ndiye atakayefaidika mwenzake akishindwa.

Afisa Utumishi Mstaafu (Cheyo)

Michezo minne haina ubaya ikiwa imeandikwa, na ikiwa hesabu itaanza baada ya mipira kufika; mkianza kuhesabu mapema, mtakuwa mmempa hoja yake ya kwanza mbele ya Tume. Barua isainiwe na mwajiri, si na kamati. Kocha apewe nafasi ya kujibu, akiwa na mwakilishi wake akipenda, na majibu yake yawekwe kwenye jalada hata kama hayakuwafurahisha. Karatasi ya saini za mabwenini msiiambatanishe.

KatibuMichezo (Tabora mjini)

Nimeelewa, mzee. Nitarekebisha rasimu iseme michezo minne, na mtazamaji atakuwa mwalimu wa michezo. Kesho ninaanza na ofisi ya uhasibu, maana bila mipira hata tarehe ya kuanza kuhesabu sitaweza kuiandika.